Pua ya Baba Mkwe

Nilipoolewa Nyamisangura nilikuwa na kitu kimoja tu cha kuringia, nacho kilikuwa pua. Urefu sikuwa nao, na sura yangu ilikuwa ya kawaida, lakini ungeweza kunifumba macho, ukanipitishia kimea cha ulezi usoni, nami ningekuambia kilianikwa siku ngapi na kama mvua ilikipata kabla hakijakauka. Mama alinifundisha kupika pombe kabla sijajua kujisuka nywele. Nasema haya bila kujisifu. Na hata nikijisifu, nimeshazeeka, nani atanizuia?

Baba mkwe wangu naye alikuwa na pua, na nadhani ndiyo sababu alikubali upesi mwanawe anioe. Katika kilima chetu hakuna chungu kilichonywewa kabla yeye hajavuta kwanza. Wazee walikaa kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakimngoja. Alivuta, akafumba macho, akatoa hukumu yake kwa maneno mawili matatu. "Imekomaa." "Unga umeungua." "Huyu alikuwa na haraka." Mwanamke aliyeambiwa alikuwa na haraka alipita njia za pembeni mwezi mzima. Mke wake alikwisha kufariki, ng'ombe aliokuwa nao walikuwa wachache, na mdomo wake ulikuwa umemkosanisha na nusu ya ukoo. Mrija ule wa kwanza ndio uliomwamsha asubuhi na kumfanya anawe uso.

Katikati ya miaka ya hamsini, mwaka wenyewe siukumbuki, masika yalikuwa marefu na baridi ya Tarime ikaingia hadi kwenye magodoro. Mzee akashikwa na homa na mafua mabaya. Alilala wiki mbili, akapona, akarudi kwenye kiti chake kando ya ukuta wa jiko langu, na sote tukashukuru.

Kisha siku moja nilikosea. Nilitoa chungu kilichochacha, na niligundua wakati mzee amekwisha kushika mrija. Nikasimama nyuma ya mlango wa jiko. Alivuta. Akafumba macho. "Imekomaa," akasema. "Tamu." Wazee wakatazamana, wakanywa kwa heshima, mmoja mmoja wakikunja nyuso. Ndipo nilipoelewa kwamba mzee hasikii harufu wala ladha. Nilimwonea huruma hata nikasahau kujionea aibu mwenyewe.

Sikuweza kumwambia kitu. Kwetu mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Sikuruhusiwa kula mbele yake, wala kumgusa, wala kukanyaga chumba chake, na tulipozungumza, mara nyingi ulikuwepo ukuta kati yetu. Kwa hiyo nilianza kuongea na vyungu. Kila nilipotoa pombe nilisema kwa sauti, kana kwamba najisemea, "Leo unga nimeukaanga kidogo zaidi," au "Hiki kimea cha safari hii ni kichanga." Mzee alikaa pale nje, akasikia, na baada ya muda akayatoa maneno yale yale kama yake. Hakunishukuru hata siku moja. Lakini niliona kiti chake kinasogea, kila wiki kidogo, karibu zaidi na ukuta wa jiko.

Alikuwepo jirani yetu mmoja, wa rika lake, aliyetahiriwa naye siku moja. Huyo ndiye aliyeanza kusema kwamba pua ya mzee imekufa. Alisema huku anacheka, lakini alisema kila mahali. Alitaka mrija ule wa kwanza, na hakuna aliyekuwa hajui.

Mume wangu wakati huo alikuwa mpishi wa Mskoti mmoja aliyepima barabara upande wa Serengeti. Walihama na mahema yao, mara Kenyamonta, mara mbele zaidi, na mimi nilimwona mume wangu mara moja kila miezi mitatu. Mskoti alipomaliza kazi na kurudi kwao, alimwachia mpishi wake bilauri moja na chupa moja ya wiski ambayo haijafunguliwa. Mume wangu alikuja nayo ameizungushia sweta. Miaka michache nyuma chupa ile ingemweka ndani, maana Mwafrika alikuwa hapewi pombe kali za Kizungu, ila sheria ilikuwa imeanza kulegea. Baba mkwe alipoiona alisimama. Kabla hajafikiri, akatangaza kwa sauti ya kufika ng'ambo ya bonde kwamba Jumamosi saa kumi wazee wote waje. Wale waliookoka hawakualikwa, na wawili kati yao waliudhika.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nachochea moto nikasikia kiti kinaburutwa nje. Mzee alikohoa. Akakohoa tena.

"Mkamwana," akasema ukutani. "Kitu kile hakuna mtu hapa aliyewahi kukionja. Nitasema nini?"

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukiri. Nilishika kijiti cha moto hadi kikanichoma vidole. "Nitakionja mimi, baba," nikamjibu. "Wewe tulia."

Mchana ule nilimwambia mume wangu anionyeshe Mzungu wake alivyokuwa akinywa. Alidhani ni udadisi wa kike tu, akafurahi kupata nafasi ya kunifundisha kitu. Tulikaa nyuma ya nyumba, kwenye mibuni, ukungu ukishuka taratibu kutoka juu. Alimimina kiasi cha kidole kimoja. Akaiinamisha bilauri kwenye mwanga, na ile rangi ikatambaa kwenye kioo na kuteremka polepole, michirizi michirizi. Akaniambia nisiizamishe pua ndani kama ng'ombe anayekunywa, niiache juu kidogo, na mdomo niufungue kidogo. Halafu akadondoshea maji matone matatu. "Sasa ngoja," akasema. "Yeye alikuwa anangoja hadi chakula kinapoa."

Nikangoja. Sijui kama naweza kuieleza saa ile sawasawa. Harufu ilikuja kwa zamu, bila kusukumana. Kwanza asali, ile nyeusi ya kwenye mzinga wa zamani. Kisha ndizi zilizoiva zikapita kiasi, ambazo mtu amezifunika kwa majani akazisahau. Kisha mbao za kihenge kikongwe, siku unapoinama kuchota nafaka ya chini kabisa. Nikanywa. Ikachoma, nikatokwa na machozi, na mume wangu akacheka. Lakini moto ulipopoa nilikuta moshi umekaa nyuma ya ulimi, na ndani ya moshi, mbali sana, palikuwa na kitu ninachokijua kuliko jina langu.

"Hiki ni kimea," nikasema.

Mume wangu akaacha kucheka. Akaniambia ni kweli, Mskoti alimweleza: kwao wanalowesha shayiri, wanaiacha iote kama sisi tunavyootesha ulezi, halafu wanaikausha kwa moshi wa udongo wa mizizi unaokatwa mabondeni. Kisha wanaipika na kuivukiza, wanaitia mapipani na kuiacha. Nikafumba macho nikawaona wanawake nisiowajua, kwenye baridi kuliko hii yetu, wakigeuza kimea kwa viganja na kukinusa kama mimi. Mume wangu akasema kazi ile hufanywa na wanaume. Sikumwamini, na hadi leo siamini.

Pombe yangu mimi ikilala siku tatu zaidi ya siku yake, imeharibika. Hii, mume wangu alisema, ilikuwa imelala miaka kumi na miwili gizani. Nilihesabu nyuma, nikafika kwenye vita, kaka zangu wako Burma na mimi ni mtoto wa kuchunga ndama, na mahali fulani mtu asiyenijua anagonga kizibo cha pipa na kuondoka zake. Kuku walipita miguuni pangu, ukungu ukafunika mibuni, na mimi nilikuwa nimekaa na mdomo uliojaa miaka. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa na pa kuipeleka. Mume wangu aliniuliza kama nimelewa, nikamwambia anyamaze.

Siku zilizobaki hadi Jumamosi nilimfundisha mzee ukutani. Mimi nachambua ulezi, yeye yuko nje anarudia. Asali nyeusi. Ndizi za kusahauliwa. Kihenge. Moshi, na kimea ndani yake. Alikuwa mwanafunzi mgumu. Aliniuliza asali inatangulia ndizi kwa muda gani, na kama kimea kinakuja mtu akimeza au akishameza. Nikamwambia, "Baba, usiseme kama mwalimu wa shule. Sema kama siku zote, umenuna." Nikasikia anacheka kwa pua.

Jumamosi walikuja wazee saba, na jirani akiwa wa kwanza. Walikaa mahali pao pa kawaida, kando ya ukuta, nami nikawa ndani ya jiko nimetega jicho kwenye ufa. Mume wangu akasoma karatasi ya kwenye chupa, akatafsiri: miaka kumi na miwili.

"Kumi na miwili?" akasema jirani. "Basi huyo ni omorisia tu. Hajatahiriwa. Anakujaje kukaa na wazee?"

Wakacheka sana. Mume wangu akangoja, kisha akaeleza kwamba ndani ya chupa ile hamna pombe moja. Zimo nyingi, kutoka nyumba nyingi za huko kwao, zimechanganywa na mtu mwenye pua, na nyingine zina miaka ishirini na zaidi. Ila sheria yao inasema umri unaoandikwa nje uwe wa aliye mdogo kuliko wote. Wazee wakalitafuna neno hilo, na mmoja akasema ni watu wa ajabu, wana wakubwa ndani na wanamtanguliza mtoto. Baba mkwe hakucheka. Aliitazama chupa kwa muda mrefu.

Kisha akapokea bilauri. Alifanya kila kitu nilichomwambia. Aliinamisha, akadondosha maji, akangoja hadi wengine wakaanza kukaa vibaya vitini. Akanusa kutoka juu juu. Akanywa, na moto ule nadhani aliusikia, maana mabega yalitikisika.

"Asali," akasema, amenuna vizuri kabisa. "Ya mzinga wa zamani. Kuna ndizi mtu alizifunika akazisahau." Midomo yangu ilikuwa inatembea pamoja na yake. Alitaja kihenge, akataja moshi, na mwisho akasema, "Na waliopika hiki walianza na kimea. Kama wake zetu."

Vikombe vikagawiwa. Kila mzee alionja, akafumba macho, na kila mmoja alipofungua alikuwa amekuta asali pale alipoambiwa. Jirani alikuwa wa mwisho. Alikaa na kikombe chake hadi nikachoka kumtazama.

"Kimea kipo," akasema. Akaweka kikombe chini. "Ndugu yangu, mimi nimezunguka kilima hiki nikisema pua yako imekufa. Niliongea vibaya. Nisamehe mbele ya hawa."

Huko jikoni nilijiziba mdomo kwa kanga. Tulikuwa tumeshinda. Kwa muda mfupi nilijiona mtu mkubwa kuliko wote Tarime.

Ndipo baba mkwe akasema, "Usiniombe msamaha."

Akaigeuza bilauri mkononi. "Hawa watu wangeweza kumwandika mkubwa wao kwenye chupa, nani angejua? Wamemwandika mdogo. Maneno mliyosikia si yangu. Tangu homa ile mimi sisikii kitu, hata moshi wa jiko hili. Aliyeonja ni mkamwana wangu. Na pombe mlizokunywa hapa tangu masika, nazo alizionja yeye. Yuko nyuma ya ukuta huu."

Nilikasirika, sitadanganya. Nilitaka kutoka nje nimpigie kelele, mila au si mila. Siku zote zile za kumfundisha, vidole vimeungua, na sasa amekitupa kwa mkono wake kitu pekee alichokuwa nacho, tena wakati ambapo hakuna aliyekuwa anakidai. Nje hakuna aliyecheka. Jirani alitazama chini. Siku ile ile mrija wa kwanza ulihamia kwake, na ukabaki kwake hadi alipokufa, na alipokuwa akihukumu vyungu vyangu alikuwa anakosea mara kwa mara.

Wazee walianza kuinuka. Baba mkwe hakuinuka. Alisogeza kiti hadi mgongo wake ukagusa ukuta.

"Mkamwana," akasema. "Imebaki kidogo kwenye bilauri. Nataka kuinywa. Niambie."

Mume wangu akaniletea ndani kikombe chenye tone la wiski, akaniangalia kama mtu asiyenijua, akatoka. Nikanywa. Nikamwambia mzee asali. Nikamsikia anameza.

"Halafu?"

Nikamwambia ndizi, na majani yaliyozifunika. "Halafu?" Nikamwambia kihenge, na mkono unavyofika chini. Nikamwambia moshi. Nikamwambia kimea, kinavyokuja taratibu wakati mtu anadhani yote yamekwisha. Wazee waliokuwa wameinuka walikuwa wamesimama pale pale. Mdomoni mwangu hapakuwa na kitu tena, na bilauri yake, nadhani, ilikuwa tupu.

"Halafu?" akauliza, kwa sauti ya chini sana.

Nikaegemeza paji la uso ukutani, upande ule alikokuwa yeye, nikaanza kumwambia harufu ya kuni za jikoni siku mvua inapozikuta nje.