Siku Mama Alipolipiga Pasi Bugaluu Langu

Kwetu hatukuwa watu wa matembezi. Tulikuwa watu wa safari zenye sababu: Wenje kuzika, Hola kumwona mgonjwa, ng'ambo ya mto kulima. Mtu akitoka nyumbani bila maiti, mgonjwa wala jembe, aliulizwa kulikoni. Kwa hiyo Baba aliposema, mswaki mdomoni, kwamba Jumamosi angetutembeza Kipini tukaone bahari, ilifaa nishtuke. Sikushtuka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na akili zangu zote zilikuwa kwenye nguo.

Kutembeza kuna maana mbili. Mtoto hutembezwa aone dunia, na bidhaa hutembezwa watu wanunue. Mimi nilielewa ile ya kwanza. Baba na dada yake mkubwa, shangazi yangu aliyeolewa Kipini, walikuwa wamekubaliana juu ya ile ya pili: kulikuwa na kijana huko anatafuta mke, na mimi nilikuwa napelekwa nikaangaliwe. Sikuambiwa. Na ndani ya sanduku la Mama ilikuwamo barua yangu ya kuitwa chuo cha ualimu mwezi wa Januari. Nyumba nzima iliijua barua hiyo, na nyumba nzima ilijua kwamba binti akiolewa Desemba, Januari haendi popote. Maisha yangu yalikuwa yanaamuliwa, na mimi nilikuwa nachagua mshipi.

Sasa hizo nguo. Soko la Garsen lilikuwa limerudi baada ya mafuriko ya Elnino, na mitumba ilirudi kabla hata ya sukari. Mitumba ina vyeo vyake. Nguo za daraja la kwanza wachuuzi waliziita kamera, na hizo zilikuwa zimeshachukuliwa Mombasa na Malindi. Sisi tulifikiwa na fagia, yale mabaki ya chini kabisa ya beli: makoti ya manyoya katika mji ambao saa tatu asubuhi hata mbuzi wanagombania kivuli, glavu za mkono mmoja, suruali za watu waliokwisha kuwa wazee huko Ulaya. Wenzangu walipita wakikunja pua. Mimi nilipiga magoti kwenye turubai nikafukua mpaka mama mchuuzi akaniuliza kama nimepoteza hereni. Humo ndimo nilimopata bugaluu langu, la rangi ya kahawia, limebana mapajani na chini limefunguka hata miguu haionekani. Lilikuwa na umri kunizidi, na nililipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Nilikuwa mwasi, mjue. Nilikuwa na kofia ya kufuma ya rangi tatu na kaseti mbili za rege, ambazo nilizirudisha nyuma kwa kalamu ili betri zisiishe. Nilipinga serikali, nilipinga ndoa, nilipinga mafuta ya nywele. Yote hayo niliyapinga kwa sauti ya chini, Baba asisikie.

Baba mwenyewe alipoliona bugaluu mara ya kwanza alichangamka. "Aah, hizi tulizivaa sisi!" Kisha akakumbuka kuwa yeye ni baba na mimi ni binti wa Kiislamu, akakohoa, akaenda msikitini kabla ya adhana.

Mama ndiye aliyekuwa vita. "Astaghfirullahi! Mwanamke na suruali, tena suruali ya kufagilia njia!" Kila nilipoifua aliitoa kwenye kamba akaitupa nyuma ya choo. Aliapa kuwa siku moja angeikata awe na madekio mawili. Kwa hiyo hebu fikiria, Ijumaa hiyo alasiri narudi kutoka kisimani namkuta amekaa na pasi ya makaa, bugaluu limelala juu ya leso, analipiga pasi. Hakuwa akilipitishia tu. Alikuwa analinyoosha kwa kulinyunyizia maji, anasimamisha mstari ambao ungeweza kukata nyama.

"Kesho vaa hii," akasema bila kuniangalia.

"Na kofia?"

"Na kofia."

Masalale! Nikajua nimeshinda. Nikajiambia kumbe wazazi nao huelimika, ukiwapa muda. Wahenga walisema ukimwona kobe ameinama ujue anatunga sheria, lakini mimi wahenga pia nilikuwa nawapinga.

Tukaondoka asubuhi kwa basi, katika msafara, askari mbele na bunduki zao, maana siku hizo barabara ya Witu ilikuwa na majambazi. Matembezi yetu ya kwanza kama familia, na tunasindikizwa kama pesa za benki. Mama alinivisha buibui juu ya kila kitu, nikaona sawa, vumbi. Lakini tulipofika Kipini, mlangoni mwa nyumba ambayo haikuwa ya shangazi, akaninong'oneza, "Vua buibui." Akalikunja, akalitia kwenye kikapu chake, akanisukuma mbele.

Shangazi alikuwa ndani anatusubiri. Aliponiona, tabasamu lilimganda. "Wifi," akamwambia Mama, meno yameumana, "umemleta hivi?"

"Mtoto wa siku hizi, wifi. Nifanyeje?" Mama akajibu kwa upole ambao sijawahi kuusikia tena.

Wanaume walibaki barazani, sisi tukaketishwa ukumbini kwa wanawake. Ndipo nilipoanza kuona mambo. Halwa ilikuwa nyingi mno kwa wageni wa kuona bahari. Mama mwenye nyumba, mtu mzima mwenye pete vidole vyote, alinitazama kutoka kofia hadi pindo kisha akasema, "Ndoo, mwanangu. Ndoo."

Kwao, Kiswahili chao kikiwa cha upande wa Lamu, ndoo ni njoo. Kwetu sisi wa juu ya mto, ndoo ni ndoo. Nikainuka, nikatazama huku na huku, nikaiona iko karibu na mtungi, nikaichukua, nikampelekea. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini yule mama aliishika mikono yangu kwa furaha. "Mwaona? Hajaambiwa kazi, ashakamata ndoo! Huyu ni mtu wa nyumba."

Mama yangu alifumba macho kidogo.

Kisha yule mama akainama akashika pindo la bugaluu, akalisugua baina ya vidole, akaligeuza aone mshono wa ndani. Nimeshika nguo nyingi sokoni namna ile ile na sikuwahi kufikiri nguo yajisikiaje. "Kitambaa cha zamani hiki. Hakichuji," akasema. Shangazi, akiona upepo umegeuka, naye akageuka. "Na ndivyo alivyo mwenyewe. Hachuji!"

Nikaelewa. Nikakaa bila kukaribishwa. Nilimtazama Mama nikiwa na hasira ya kumla mzima, kwamba amenipiga pasi mwenyewe, akanileta mwenyewe. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Kijana akaingia, eti anatafuta funguo. Alikuwa na miwani ya jua ndani ya nyumba, na duka la redio na saa huko Malindi, kama shangazi alivyotutangazia. Alinitazama, akacheka kwa furaha ya kweli, sikatai, kisha akamgeukia yule mwenye pete. "Mama, huyu ndiye! Mimi sitaki wa kujifunika gubigubi, nataka mke wa kisasa."

"Ana barua ya chuo," Mama akasema haraka. "Januari anakwenda kusomea ualimu."

"Chuo cha nini tena?" kijana akasema. "Akikaa dukani na suruali hii, wateja watajileta."

Wakacheka wote. Nje barazani nikasikia Baba naye anacheka, maana dirisha lilikuwa wazi na hakuna neno lililokuwa likimpita. Mimi mwasi, mpinga serikali na ndoa, nilibaki nimekaa pale pale. Sikutoa hata sauti. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu siku hizi nikihadithia watu hudhani nilisimama nikahutubia.

Aliyesimama ni Mama. Alikuwa mwanamke wa kusema "muulizeni baba yenu" hata akiulizwa kama chumvi imetosha. Alisimama na kikapu mkononi, akasema kwa sauti ya kufika barazani: "Wifi, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwanangu simtembezi. Januari anakwenda chuo."

Shangazi akamrukia papo hapo. "Mkataa pema, pabaya panamwita!"

"Pamwite. Atakuwa hayupo, atakuwa darasani."

Akanishika mkono tukatoka, tukampita Baba na kahawa yake. Bahari ilikuwa pale pale nyuma ya nyumba, na hatukuiona. Tulisubiri msafara wa kurudi chini ya kibanda cha mabati, Mama na mimi kwenye benchi, Baba hatua tano mbele, ametupa mgongo. Hakusema kitu, na katika nyumba yetu Baba asiposema amekubali, au amekasirika kiasi cha kukubali.

Nililia kwanza, kisha nikacheka nilipokumbuka ndoo, kisha nikamuuliza Mama kwa nini alilipiga pasi lile bugaluu, yeye aliyelichukia hivyo.

"Nilidhani litatosha," akasema. "Nilidhani wakiliona watakukataa wao, nisilazimike kusema."

Akanifunga buibui shingoni taratibu, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo.

"Mimi siku yangu ya kuangaliwa," akasema, "nilivaa vizuri."

Hakushusha sauti, na Baba hakuwa mbali.