Vikuba Vitatu vya Asumini

Leo jirani amenipa kikuba cha asumini, kile kishada cha maua cha kujipambia, na harufu yake ikanirudisha kwenye mkeka wa bibi, Mji wa Kale. Nilikuwa nimetoka shule nikilia, hesabu zote nimekosa. Bibi alikuwa akitunga vikuba vya harusi.

"Njoo utunge nawe," akasema.

Nilipomaliza vitatu alitazama saa. "Umechukua dakika kumi na tano. Kimoja umekitunga kwa dakika ngapi?"

"Tano."

"Vimebaki kumi, na wenyewe waja baada ya saa moja. Utawahi?"

Nilifikiri, sindano mkononi. "Dakika hamsini, bibi. Nitawahi."

Aliniamini, akaenda kuoga. Walipobisha hodi, vyote vilikuwa tayari kwenye sinia. Kesho yake darasani, mwalimu alipouliza hesabu, mkono wangu ulitangulia kuinuka.