Niliwaambia Tunarudi na Maji

Admin, jina langu naomba ulifiche, mji ukiutaja si neno. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, nina mke na watoto watatu, nauza spea za magari hapa Kalangalala, Geita. Najua mtanitukana. Nitukaneni, ila mnisome mpaka mwisho.

Nina ugonjwa wa magari ya zamani. Wenzangu wakipata wananunua ng'ombe, mimi nanunua mikweche na kuirudishia sura. Mwaka jana nikasikia kuna gari la zimamoto limelala kwenye ua wa kiwanda cha pamba kilichofungwa, huko Shinyanga. Nikaenda kuliona. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva, injini imekufa, pampu imeshikana kwa kutu, lakini bodi nzima, na kengele ya shaba bado inaning'inia mbele. Nilisimama pale mpaka nikasahau kula. Mke wangu akaniuliza kwenye simu, "Baba Neema, gari lisilotembea la nini?" Nikamwambia hawezi kunielewa. Nikalinunua.

Nililiosha mwenyewe mpaka wekundu wake ukaonekana, maana nilitaka watu walione njiani. Tukalipandisha kwenye tela la kubebea matrekta, tukalifunga kwa minyororo. Dereva wa lori alikuwa Shabani, mtu mzima, mpole, mwenyeji wa Kigoma. Nikapanda pembeni yake.

Tulipoipita Segese, kama saa nane mchana, tukaona moshi. Nyumba moja karibu na barabara ilikuwa inawaka. Walikuwa wameweka pamba ndani wakisubiri kuuza, na pamba ikishika moto haina mjadala. Wanawake walipanga mstari kutoka kisimani wakipasiana ndoo. Nyuma ya nyumba wanaume wawili walikuwa wanabomoa ukuta kwa sululu. Walipoona gari letu wakapiga vigelegele, na vigelegele vya namna ile sijavisikia hata harusini. Barabara ikajaa watu. Shabani akasimama.

Mwanaume mmoja, shati limeungua mpaka mkono umeungua nalo, akaja dirishani kwangu. Akasema, "Kaka, Mungu amewaleta. Mayu, mama yangu, yumo ndani, chumba cha nyuma, miguu yake haifanyi kazi. Leteni maji."

Shabani akaninong'oneza, "Bosi, waambie gari ni bovu. Ila minyororo tunayo na lori lina nguvu. Tukiufunga ule ukuta tukauvuta, hata dakika tano haziishi."

Minyororo yenyewe ndiyo iliyoshika gari langu. Nikawaza, nikiifungua gari litateleza lianguke. Nikawaza tena, hawa wakijua tanki ni tupu watalipiga mawe. Hayo ndiyo niliyowaza, ndugu zangu. Mama wa watu anaungua, mimi nahesabu mikwaruzo.

Nikatoa kichwa dirishani, nikasema kwa sauti ya mtu wa serikali, "Tanki halina maji. Pisheni tukajaze bwawani, tunarudi sasa hivi."

Yule mwanaume akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru. Kisha akawageukia wenzake. "Pisheni gari. Masanja, acheni kubomoa, mtamwangushia mama ukuta. Maji yanakuja." Niliwaona kwenye kioo wakiweka sululu chini. Wanawake nao wakatua ndoo pembeni, wakasimama kutupisha.

Bwawa lilikuwa mkono wa kushoto. Shabani akaliangalia, akaniangalia na mimi. Nikamwambia, "Kanyaga mafuta." Akakanyaga mpaka Geita. Tulipomaliza kushusha akasema, "Namba yangu uifute," akaenda zake.

Baada ya wiki mbili mteja wa Segese akanisimulia dukani kwamba bibi yule alifia ndani, na kijiji kizima kilikuwa kimekaa kinaangalia barabara. Nikamfungia spea zake kwenye karatasi, nikamwambia poleni sana.

Gari nililipaka rangi upya. Siku hizi maharusi wanakuja kwangu kupiga picha nalo. Mwezi uliopita, uani kuna harusi, yule mwanaume akaingia. Nilimjua kwa kovu la mkono. Wanamwita Baba Kulwa. Alisimama mbele ya gari muda mrefu, kisha akanifuata.

"Sijaja kwa shari, kaka," akasema. "Nimezunguka mpaka Kharumwa naulizia gari jekundu la zimamoto. Ndugu zangu wanasema mimi ndiye niliyemuua mayu, kwa sababu ndiye niliyewaambia waache kubomoa. Wamenitenga. Mke wangu amerudi kwao na mapacha. Siku ile macho yangu yalijaa moshi, sina uhakika, lakini kama ni nyinyi, nakuomba uje mbele ya ukoo useme neno moja tu, kwamba mlituambia mnarudi."

Wageni walikuwa wanasikiliza. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vinywaji. Nikamwambia, "Umekosea, mzee. Hili halijawahi kutoka hapa mjini."

Nilidhani atabisha. Akainamisha kichwa, akaniomba radhi kwa kunisumbua kwenye sherehe. Halafu akauliza, "Sasa hilo jingine utakuwa umelisikia liko wapi?"

Aliniamini, jamani. Aliniamini mara ya pili. Na mimi nikamwambia ajaribu Mwanza.

Akaandika namba yangu kwenye kiganja, akaondoka. Mke wangu hajui lolote. Nikienda kwenye ule ukoo kusema ukweli sina hakika kama nitarudi mzima, na nikirudi sijui Mama Neema atanitazama kwa jicho gani. Nikinyamaza, yule ataendelea kubeba kifo cha mama yake kwa ajili yangu.

Jana jioni alinipigia. Yuko Mwanza, analala kwenye vibanda vya soko, na gari jekundu hajaliona. Anauliza aendelee mpaka Musoma, au nina mahali pengine ninapofikiria. Nimemwambia anipe muda niulizie watu.

Nishaurini, ndugu zangu, nimjibu nini?