Siku Shangazi Alipoziba Masikio

Alhamisi, tarehe 14 Machi. Manyunyu tangu alfajiri, yakakatika saa tatu hivi, jua likatoka bila nguvu. Ndivyo ninavyoanza kila ukurasa wa daftari langu la mapokezi, hali ya hewa kwanza, mashuka baadaye. Siku hiyo mashuka hayakuandikwa na mimi. Niliomba ruhusa nikamsindikiza Shangazi kwenye kituo cha televisheni.

Mimi ni karani katika kiwanda kinachofua nguo za hospitali na hoteli. Shangazi si wangu wa damu. Ni shangazi wa chumba kizima cha pasi, na amesimama kwenye mashine namba nne kwa miaka kumi na tisa. Ni mwembamba, hana makuu, na akikunja shuka pembe zake hukutana bila kurudiwa.

Chumba cha pasi kina mashine saba za mvuke na kelele yake haina mfano. Kwa hiyo watu wa humo hawasemi kwa sauti, wanasomana midomo. Mmoja atauliza kutoka mwisho wa chumba, "Chai tayari?" na mwenzake atajibu kutoka mwisho mwingine, "Bado, wewe tumbo lako lina saa?" na hakuna sauti iliyotoka. Mimi ilinichukua miaka miwili kujifunza. Wao huwachukua mwezi.

Ukutani kuna televisheni. Kila Alhamisi saa tano inaonyesha mchezo wa maswali uitwao Wahi Jibu, na miaka yote hiyo hakuna mtu wa chumba kile aliyewahi kumsikia mtangazaji wake. Tulimpa jina sisi wenyewe, Bwana Maswali. Shangazi humsoma midomo, hujibu huku mikono ikiendelea kulisha mashuka kwenye mashine, kisha jibu sahihi hutokea kwa maandishi kwenye kioo. Niliwahi kumwekea alama kwa wiki kumi na sita bila yeye kujua. Maswali mia moja na ishirini na nane. Alipata mia moja na tatu. Ni mtu aliyeacha shule kidato cha pili ili kaka yake amalize, na tangu hapo anasoma kila karatasi inayompitia mkononi, hata ile iliyofungia sabuni.

Fomu ya kuomba kushiriki nilimpelekea mimi, nyumbani kwake. Kaka yake alikuwapo, mwalimu mstaafu, ameketi na miwani yake kwenye paji la uso.

"Kujibu kwenye kelele ambako hakuna anayekusikia, hata mimi naweza," alimwambia. "Kule kuna taa, mdogo wangu. Kuna watu."

"Ndiyo maana nataka kwenda," Shangazi alisema. "Nataka nisikike nikijibu. Mara moja tu, kaka, nijue kama kweli najua au najua mle ndani tu."

"Haya. Mimi nitaangalia hapa hapa. Nisije nikaaibika kwa karibu."

Shangazi alicheka, lakini peni ilisimama juu ya fomu kwa muda kabla hajaandika.

Basi tukafika. Studio ilikuwa ndogo kuliko inavyoonekana, na meza ile ya kung'aa ilikuwa mbao iliyobandikwa karatasi ya rangi. Shangazi alivaa gauni la kijani alilolipiga pasi mwenyewe, mikunjo yake ungeweza kukatia mkate. Sheria ilikuwa rahisi. Kila mshiriki anaulizwa maswali manane, sekunde kumi kwa kila moja. Ukipata matano, unaingia raundi ya pili. Usipopata, unapewa mkono na kwenda zako. Mchezo ulikuwa unarushwa moja kwa moja.

Kosa letu sote, mimi nikiwemo, ni kwamba hatukuwahi kufikiria sauti. Bwana Maswali alisimama mbele ya Shangazi, lakini sauti yake ilitoka kwenye spika zilizokuwa nyuma ya viti, nzito, yenye mwangwi, na ikichelewa kidogo. Midomo ilisema hapa, maneno yakafikia kule.

"Mfupa upi ni mrefu kuliko yote katika mwili wa binadamu?"

Shangazi aligeuka nyuma kutafuta ni nani aliyesema. Sekunde kumi zikaisha.

"Nyuki ana miguu mingapi?"

"Samahani, ulisemaje?"

Zikaisha tena.

"Kiungo gani cha mwili huchuja damu na kutengeneza mkojo?"

"Mfupa wa paja," Shangazi alisema kwa haraka.

Watu waliangua kicheko. Jibu lile lilikuwa sahihi, ila la swali la kwanza. Jamaa aliyekaa karibu nami alimnong'oneza mkewe, "Huyu mama kaletwa kujaza kiti." Nilitaka kumwambia kuhusu zile mia moja na tatu. Yalibaki maswali matano, na alihitaji yote matano. Nilifikiria kaka yake na miwani yake.

Hapo Shangazi aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mwanangu, naomba ruhusa nizibe masikio."

Bwana Maswali alitabasamu. "Mama, ukiziba masikio utasikiaje swali?"

"Sauti yako ndiyo inayonipoteza. Kwetu kazini hatukusikii. Uso wako nauelewa vizuri, usijali. Wewe uliza tu, usigeuke pembeni."

Kicheko kikapanda tena. Bwana Maswali aliwatazama wakubwa zake waliokuwa gizani nyuma ya kamera, mmoja akainua mabega, naye akasema, "Sheria haikatazi. Endelea, mama."

Shangazi akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, akamkazia macho mdomoni.

"Mnyama gani wa baharini ana mioyo mitatu?"

"Pweza." Swali lilikuwa halijamaliza kutoka kwenye spika.

"Sayari gani iko karibu zaidi na jua?"

"Utaridi."

"Metali gani huwa kimiminika katika joto la kawaida?"

"Zebaki."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Jamaa wa pembeni yangu aliinama mbele, viwiko magotini. La saba lilihusu umbo lenye pande nane, la mwisho lilihusu gesi ambayo mimea huivuta mchana, na yote mawili aliyajibu kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi mezani. Watu walisimama. Shangazi hakuwasikia wakipiga makofi mpaka Bwana Maswali alipomwonyesha kwa ishara ashushe mikono.

Kabla hawajaenda kwenye matangazo aliitazama kamera na kuchezesha midomo bila sauti. Bwana Maswali alisema kwa heshima, "Mama anashukuru Mungu." Mimi nilimsoma. Alikuwa anawaambia wenzake wa chumba cha pasi, "Jamani, kumbe Bwana Maswali ni mfupi!" Baadaye niliambiwa kwamba kwenye mashine namba mbili na sita mashuka yaliungua siku hiyo, maana waendeshaji walikuwa wamekaa chini kwa kucheka.

Raundi ya pili alishindwa kwa swali moja na muuza dawa mmoja kijana, akapewa mwavuli wenye jina la mchezo. Njiani aliniuliza tu kama sauti yake ilitoka. Nikamwambia ilitoka.

Ijumaa, tarehe 15 Machi. Mawingu, bila mvua. Shangazi alifika saa kumi na mbili na nusu, kabla mitambo haijawashwa, akaja moja kwa moja dirishani kwangu.

"Kaka alipiga simu jana," alisema.

"Akasemaje?"

"Alisema, 'Nimekusikia.' Akakata." Alitundika mwavuli kwenye msumari wa mlango wangu. "Yale matatu niliyoyakosa uliyaandika?"

"Niliyaandika."

"Nisomee. Kwa sauti, siyo midomo."

Alinipa mgongo, akafumba macho, akajibu yote matatu katika chumba kilichokuwa kimya kabisa. Akaniambia niyarudie, naye akayajibu tena, polepole. Halafu akavaa aproni, na saa moja kamili akawasha namba nne.