Vidonge Viwili na Mama Mkwe

Mkasa huu huwa nausimulia tu wakati mke wangu hayuko, maana akiwepo anaongeza chumvi, na aibu yenyewe ilivyo tayari inanitosha.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa natengeneza redio Kisumu mjini, na kipandauso kilikuwa kinanitesa, upande mmoja wa kichwa unagonga kama mtu anapigilia mabati. Daktari akanipa vidonge vidogo, akasema kimoja tu kila jioni. Sasa Jumamosi moja nilikuwa naenda Kisian kwa kina Akinyi, mchumba wangu wakati huo, wazazi wake wanione mara ya kwanza, nikawaza, je, kichwa kikianza mbele ya wakwe? Asubuhi nikameza viwili (nikajiona mjanja sana).

Kufika huko mdomo umekauka, jua linanichoma macho, na kila kilicho karibu ni ukungu mtupu. Nikaona gauni la kijani likija kunipokea. Akinyi alikuwa ameniambia atavaa kijani, basi nikafungua mikono, nikamkumbatia kwa nguvu na kumnong'oneza, "Mpenzi, leo unanukia vizuri."

Alikuwa mama yake (kumbe walishona kitambaa kimoja, kwa fundi mmoja).

Sisi Wajaluo mama mkwe hata mkono humpi, na mimi nimemshika kiuno! Alipiga yowe mpaka kuku wakatawanyika. Baba yake Akinyi akatoka, akanikazia macho, akaona mboni zangu zimepanuka ajabu.

"Kijana, umevuta bangi?"

"Hapana, Mzee, ni dawa!"

Nikatoa chupa mfukoni haraka, nikampa shangazi yake Akinyi, ambaye alikuwa muuguzi. Akasoma. Akasoma tena.

"Hii? Hii si tunawapatia wale wa wodi ya akili?"

Hakusema uongo, dawa ni ileile, inatibu kipandauso na akili pia, lakini nani angenisikiliza? Akinyi mwenyewe alikuwa amekaa chini, anacheka hadi machozi. Nikapewa samaki wangu nje, peke yangu, nikamla kwa kupapasa miiba.

Ilibidi nirudi mwezi uliofuata na barua ya daktari, Mzee akaisoma kwa sauti mbele ya ukoo mzima, ndipo nikakubaliwa. Tangu hapo sijawahi kumeza kidonge kabla ya kuuliza kitayafanya nini macho yangu. Na mama mkwe, mpaka leo, akiniona naingia getini anasimama mbali na kupaza sauti, "Baba, mimi ndiye mama!"