Viti Saba vya Kwenda Ziwani

Nianze kwa kusema wazi kwamba mpango ulikuwa mzuri. Ulikuwa mpango wangu, na mimi sipangi ovyo. Nilianza maisha kwenye maduara ya Rwamgasa, nikishuka shimoni kwa kamba kuchimba dhahabu ya watu wengine. Nikajisomesha mwenyewe mpaka stashahada ya umeme, nikaenda Afrika Kusini kufanya kazi, nikarudi Shinyanga na kujenga nyumba mtaa wa Ngokolo bila kuazima hata tofali. Mtu wa namna hiyo hashindwi kuwapeleka watoto wake ziwani siku tatu.

Hapa mjini ukitaja mapumziko ya familia watu wanakutajia Zanzibar, au hoteli yenye bwawa la kuogelea, halafu wanabaki nyumbani wakilalamikia gharama. Mimi nilikataa upumbavu huo. Nilichagua katikati ya wiki, wakati nyumba za wageni za mwaloni, kule wavuvi wanakoshushia samaki, upande wa Geita ziko tupu na wenye nyumba wamekuwa wapole. Chumba kimoja, godoro la watoto tunabeba. Jiko la mkaa tunabeba, mchele tunabeba, samaki tunanunua asubuhi mitumbwi inapoingia. Mapacha wetu wana miaka minne. Kwa umri huo hoteli ni kuta tu, wanachotaka ni maji na mchanga.

Na maji yalikuwa yangu. Nimekulia kwenye vumbi na ng'ombe, na maji tuliyoyajua ni ya lambo la kunyweshea mifugo. Kuogelea nimejifunza nikiwa na ndevu zangu, ugenini, katikati ya watoto wa shule walionicheka kila nilipomeza maji. Nilivumilia kwa sababu niliapa kwamba siku watoto wangu watakapoingia ziwani mara ya kwanza, mkono wa kuwashika tumboni wasizame utakuwa wa baba yao. Hilo ndilo nililolifuata ziwani. Mengine yote yalikuwa mizigo.

Barabara inapita Ushirombo, kwa wakwe. Kupita bila kusalimia ni tusi, kwa hiyo nikampigia simu baba mkwe. Akauliza tunakuja na usafiri gani. Nikamwambia gari langu mwenyewe, viti saba, hakuna kubanana. Ndiyo, nilisema. Gari ni langu, nisiseme?

Tulipofika, mzigo ulikuwa mlangoni tayari: nguo zimefungwa kwenye kitenge kipya, na kuku kafungwa miguu juu yake. Mama mkwe mwenyewe alikuwa ndani, maana mimi nilikuwa uani. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai pamoja mahali pafinyu, na wakiwa na jambo linapitia kwa mtu wa katikati. Vijana wengi wa mjini wameliacha hilo. Nyumba ile haijaacha, na mke wangu, ambaye Ngokolo ananibishia mpaka bei ya nyanya, akifika kwao anakuwa binti mpole.

"Mkwe," baba mkwe alisema baada ya shikamoo na marahaba, "si ulisema viti saba?"

"Ndiyo, baba."

"Na ninyi mko wanne."

"Ndiyo, baba."

"Basi mama yenu anakwenda kuwashikia watoto. Ziwa hajaliona tangu azaliwe."

"Lakini baba, dereva ni mimi."

"Hapo ndipo penye kazi," akasema, akatazama kuku.

Nikapendekeza tutundike kanga nyuma ya kiti changu. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akacheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, unataka kumsafirisha mama kama maiti? Na sauti yake utaifunika na nini? Lete ufunguo. Mimi naendesha malori ya mawe Katoro, hako kagari kako kwangu ni toroli."

Nilimvuta mke wangu kando ya zizi. "Mama Mapacha, sema neno."

"Niseme nini, Baba Mapacha? Nimwambie mama afungue mzigo?"

"Na mimi nitasafiri na nini?"

"Si pikipiki zipo?"

Nilikaa nyuma ya bodaboda na jiko la mkaa mapajani, kwa sababu shemeji alisema jiko litachafua viti. Viti vyangu! Gari langu likanipita nje kidogo ya Ushirombo, mapacha wakinipungia mkono kwenye kioo cha nyuma kana kwamba wananiaga. Dereva wa bodaboda akauliza, "Hao unawafahamu, bosi?" Njia nzima nilikula vumbi la malori ya migodini na kuitukana mila ambayo haikuniuliza niliponunua gari wala niliposoma. Ningekuwa maskini nisiye na gari, tungepanda basi kila mtu na siti yake mbali, na ningefika na wanangu. Kufanikiwa ndiko kulikoniponza.

Nilipofika mwaloni nilikuwa mwekundu kama tofali. Na pale, maji yakimfika magotini, kajifunga kitenge kipya, mama mkwe alikuwa ndani ya ziwa, pacha mmoja mkono huu na mwingine mkono ule.

Nilisimama nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa. Ziwa lote lile, na mimi nisingeweza kuligusa. Mke wangu akaja.

"Mwambie watoto ni wangu," nikasema.

"Siwezi kumwambia hivyo."

"Basi mwambie nimejifunza kuogelea kwa ajili ya leo. Hilo unaweza."

Alikwenda. Sauti ya mama mkwe nikaisikia, akiongea na ziwa, si na mimi: "Mwambieni mwenye watoto kwamba mimi siogelei. Nimewashika tu wasiogope mpaka afike. Atazame milimani, nitoke."

Nikatazama milimani. Maji yakachapa, nyayo zikapita mchangani. Nilipogeuka alikuwa amekaa mbali, kaligeuzia ziwa mgongo.

Niliingia na nguo zangu zenye vumbi. Mmoja akalia, akanishika shingo, hakutaka kuachia. Mwingine nikamlaza kwenye kiganja, nikamwambia apumue. Polepole nikashusha mkono. Akaelea. Mwanangu, wa kwanza kuelea akiwa mtoto katika ukoo wetu wa wafuga ng'ombe. Nikangoja aseme baba.

"Bibi!" akapiga kelele. "Bibi, niangalie!"

Hasira ilinipanda upya mpaka masikioni. Kisha nikaona ule mgongo. Ulikuwa umenyooka, na haukugeuka. Usingeweza kugeuka, kwa sababu nilikuwepo.

"Anaelea?" mama mkwe akauuliza upepo.

Mke wangu alikuwa mbali, anawasha lile jiko. Hapakuwa na mtu wa katikati. Mtoto akaita tena. Nikaangalia ng'ambo ya ziwa, nikasema kwa sauti kubwa, nikiwaambia ndege na mitumbwi: "Anaelea. Anaelea vizuri sana, wala simshiki."

Safari ya kurudi shemeji aliendesha tena. Kiti changu amekisogeza mbele, na mpaka leo sijapata tena mahali pake.