Maneno Mgongoni mwa Askofu

Sidhani kuna mtu hapa mtaani Langas aliyepima viuno vya wachungaji wengi kuliko mimi. Mimi ni fundi wa nguo, na kibanda changu kiko kwenye barabara yenye makanisa ya mabati kila upande, kwa hivyo kazi ya majoho ilinifuata yenyewe. Mtu akishanyoosha mikono nimpime kifua, hawezi tena kunitisha na moto wa milele. Naona vile anavyovuta tumbo ndani ili tepu isome vizuri, na naandika namba.

Wa kwanza kunipa kazi hiyo alikuwa mchungaji wangu mwenyewe. Alianza na suti ya kijivu. Mwaka uliofuata akawa Askofu, nikamshonea joho la zambarau. Kisha Mungu akasema naye tena, akawa Askofu Mkuu, na cheo hicho nikakitarizi mgongoni kwa uzi wa dhahabu, herufi kubwa za kusomwa na walioketi mlangoni. Waumini hatukufika mia, na askofu mwingine hakuwepo.

Nilimuuliza, "Baba Askofu, wewe ni mkuu wa nani?"

Akacheka kidogo, kisha akaniombea roho ya maswali initoke. Haikutoka. Lakini niliendelea kuketi mstari wa pili nikipiga makofi, kwa sababu mume wangu alipokufa, mtu huyo alikaa nyumbani kwangu siku tatu akipasua kuni na kupokea wageni. Kitu kama hicho huwezi kukitupa kwa sababu ya uzi wa dhahabu.

Jumapili moja ya Februari akatangaza kwamba ameoneshwa mvua. Ingenyesha kabla ya wiki mbili kwisha, na mwenye imani apande sasa. Kaka yangu hulima mahindi Moiben. Nilimpigia simu mara tu tulipotoka ibadani, nikampa unabii wote bila kupunguza neno. Mvua haikuja hadi Aprili ilipokaribia kwisha. Mbegu za kaka zilimea kwa manyunyu ya siku moja, zikakauka. Askofu Mkuu akasimama madhabahuni akasema kuna watu waliopanda kwa mikono huku mioyo yao ina shaka.

Nilitoka siku hiyo na sikurudi. Kwa miaka sita nikawa mhubiri wa kutoamini. Mtu alileta sketi ya kupunguzwa, akaondoka na mahubiri: hawa watu ni waongo, nawajua, nimewapima. Hadithi ya mahindi ya kaka niliisimulia kwa kila mteja, na kila nikiisimulia kiangazi kiliongezeka wiki moja.

Mwaka jana, asubuhi, nikamwona Askofu Mkuu amesimama mbele ya cherehani. Alikuwa amekonda. Joho lilikuwa kwenye mfuko.

"Mama, nataka ufumue hiyo maneno ya mgongoni," akasema.

"Umepandishwa cheo tena?"

"Hapana." Akaketi kwenye benchi la wateja. "Kulikuwa na mama mmoja mgonjwa. Niliwaambia watu wake atapona, nimeoneshwa. Akafa. Binti yake akaniuliza ni nani alidanganya, ni Mungu ama ni mimi. Nikafungua mdomo niseme mambo ya imani yao kuwa ndogo. Nikaona siwezi. Nikamwambia ni mimi."

"Na ile mvua?"

"Hata hiyo. Niliota mawingu, nikaamka nikahubiri. Pengine ni blanketi ilikuwa imeanguka."

Nikamwambia tu aende amwambie kaka yangu hayo. Akasema sawa, kama nitampeleka.

Alhamisi tukaenda Moiben. Kaka alikuwa anawakatia ng'ombe majani. Askofu akavua kofia, akaeleza kosa lake lote, polepole, bila kujitetea. Kaka aliendelea kukata hadi akamaliza fungu, kisha akaweka panga chini.

"Mchungaji, mimi sikupanda kwa sababu yako. Jirani alikuwa na trekta wiki hiyo, na baadaye singeipata. Nikajaribu bahati."

"Lakini nilikupigia simu," nikasema.

"Ulipiga. Nilikuwa nimemaliza kupanda jana yake. Wewe ulikuwa unafurahi sana, nikashindwa nitakuambia aje. Halafu mahindi yakakauka, mke wangu ananiuliza nani alinituma, na wewe tayari umemlaumu mchungaji. Nikaona niache tu hivyo."

Nilitamani kumpiga na lile fungu la majani. Miaka sita nilikuwa nimesimama juu ya shamba ambalo halikuwa na unabii wowote ndani yake. Askofu ndiye aliyecheka kwanza, hadi akashika nguzo ya ua. Wifi yangu akaleta chai, akamwomba aibariki. Akasema, "Asante kwa maziwa. Amina," akaketi.

Nilifumua maneno yale kwa wembe siku nzima. Tangu hapo nusu ya waumini wamehamia kanisa la jirani, ambako mchungaji bado anaoneshwa mambo, na nimeshamshonea joho jekundu. Waliobaki huuliza maswali katikati ya mahubiri. Mara nyingi yeye hujibu, "Hapo sijui," na kuna nyanya mmoja hukasirika sana, anasema hakutembea kutoka kwake kuja kuambiwa hivyo. Lakini hurudi wiki inayofuata.

Mimi pia huenda, siyo kila Jumapili. Kama naamini, siwezi kukuambia kwa hakika. Jumapili iliyopita nilimbishia kuhusu Nuhu na wale wanyama wote, tukabishana hadi watu wakaanza kupanga viti, na tukaachana bila kukubaliana.